Kufuli si sera ya maktaba

Mhariri,

Katika shule nyingi za Nairobi kabati la vitabu hufungwa kwa sababu mwalimu anaogopa kulipishwa vikipotea. Sera ya kurasa mbili yatosha: nani anaazima, vitabu vingapi (viwili kwa siku 14 vinafaa), na kikipotea iweje. Faini ya pesa isiwemo. Mtoto asiye nayo hukificha kitabu, basi. Bodi ya usimamizi iiidhinishe, la sivyo mwalimu akihamishwa sera huondoka naye. Vitabu vya darasa la nane, ambalo mtihani wake wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi (KCPE) ulikuwa 2023, viondolewe kwenye rejista kwa saini mbili. Vya hadithi vilivyochanika vibaki, vishonwe. Ila selotepu marufuku: hugeuka manjano na kung'oa maandishi.

Mkutubi,
Nairobi