Kwa nini shimo ni ghali kuliko mti

Makadirio yetu ya kupanda miti kando ya barabara huzua ubishi na wateja kwenye mstari mmoja: kuchimba na kujaza shimo. "Mti bei hii, shimo mara mbili yake?" Baada ya hapo hutafutwa kibarua wa nusu bei. Bei hiyo hatuishushi, na hii ndiyo sababu.

Ardhi iliyo kati ya uzio wako na barabara si ya bustani. Ilishindiliwa wakati barabara inajengwa, na chini ya udongo kidogo wa juu kuna kokoto, vipande vya zege na mabaki ya saruji. Hapo ni kazi ya sururu. Kifusi hicho huongeza chokaa kwenye udongo, mti ukashindwa kufyonza madini ya chuma: jani linakuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani. Ukiona hivyo, kumwaga samadi hakusaidii. Kifusi kilipaswa kutolewa kabla ya kupanda.

Chukua mti wenye bonge la mizizi (mizizi pamoja na udongo wake) la upana wa sentimita 50 na kina cha 40. Shimo lake tunalichimba upana wa mita 1.5, kina kilekile cha sentimita 40. Hapo unatoka udongo wa karibu mita za ujazo 0.7. Shimo la kibarua, upana sentimita 60 na kina 80, hutoa kama 0.23. Kwa macho lake ni refu, linaonekana la kazi zaidi, kumbe ni theluthi moja tu.

Na hicho kina ndicho kinachoua. Mizizi mingi inayofyonza maji hutambaa karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo inahitaji nafasi ya pembeni. Udongo uliolegezwa chini ya bonge hutitia, mti ukazama nao, shina likafukiwa na ganda likaanza kuoza. Tazama pale shina linapogusa ardhi: likitanuka kuelekea mizizi, limekaa sawa; likiingia wima kama nguzo, limefukiwa. Kabla ya kupanda tunachana kiriba chote, yaani mfuko uliooteshewa mche, na kukata mizizi iliyojizungusha, maana ikiachwa hunenepa na kulinyonga shina miaka kadhaa baadaye, wakati aliyepanda hapatikani tena.

Kibali ni jambo jingine. Ardhi hiyo kwa kawaida iko chini ya mamlaka ya barabara, hata kama wewe ndiye unayeifagia. Mkaguzi huangalia aina ya mti, unene wa shina, umbali kutoka kwenye kona, nguzo na mabomba. Mti mrefu chini ya nyaya za umeme utakatwa kichwa kila mara. Kichaka kwenye kona huwaziba madereva. Ukikataliwa, unalipia kung'oa, mti mpya na shimo jipya.

Bei yetu ina matandazo ya kufunika udongo, ya sentimita 5 hadi 10, yasiyogusa shina, na vigingi viwili vyenye mkanda mpana uliolegea. Vigingi tunarudi kuving'oa ndani ya mwaka mmoja. Kumwagilia ni kwako: taratibu, hadi maji yafike chini ya bonge, na usiache kabla ya misimu miwili ya kiangazi kupita.