Barua kwa Mama, Siyu: habari za uzi wa bitiruti

Iowa City, Marekani, Jumapili usiku

Kwako Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, mimi ni mzima, wasiwasi ni wenu tu. Barua hii inakuja na yule jamaa anayesafiri mwisho wa mwezi, pamoja na dawa ya magoti ya Bibi. Mwambie asimeze mbili kwa mpigo. Namjua.

Sauti uliyonitumia kwamba mdogo wangu ana mimba tena nimeisikia. Alhamdulillahi, nilifurahi. Kisha nikahesabu miezi kwa vidole, na usingizi ukaruka. Atajifungua mwezi wa saba, Mama. Mwezi wa saba ni kusi, upepo mkali wa kusini, na bahari ya kusi unaijua kuliko mimi.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu hunisikilizi, waniuliza nimekula nini. Basi soma pole pole, au mdogo wangu akusomee, maana mengi yanamhusu yeye.

Unakumbuka uzazi wake wa kwanza. Alipasuliwa, akashonwa, siku ya tatu akaruhusiwa. Nesi alituambia neno moja tu: mkiona kidonda kinakuwa chekundu, mrudi. Sote tukaitikia, tukarudi Siyu na mtoto wetu, tukachinja. Siku ya sita ndipo alipoanza kujikunyata. Baada ya isha mlimlaza, mimi nikasimama nje ya pazia nikapitisha mkono wenye simu ili mmulike kwa tochi. Khalati akasema ni kawaida ya mshono. Wewe ukasema ni joto. Bibi akasema, "Mato yangu hayaoni, niambieni nyinyi." Na nyinyi pia hamkuona kitu. Ngozi yetu hii ya maji ya kunde, chini ya tochi ya simu, huo wekundu mngeuonea wapi? Kilichotuambia ni harufu, na harufu ilikuja siku ya nane.

Asubuhi yake pikipiki mpaka gati ya Mtangawanda, kila shimo la njia analilia. Kufika, maji yamekupwa, boti imelala ubavu kwenye tope. Tukangoja yajae. Nilimpepea kwa kipande cha katoni ya biskuti, na hata leo nikiona katoni za biskuti hizo dukani naangalia pembeni. Siku kumi na moja alilala tena hospitali. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mimi jambo lile halijanitoka.

Sasa nikupe habari ya mji huu. Nikienda kazini kwenye nyumba ya wazee, nasikia wenzangu wakitaja shule ya sekondari ya hapa, West High. Mwaka 2019 alisoma pale msichana mweusi kama sisi, Dasia Taylor. Mwalimu wake wa kemia aliwaeleza wanafunzi habari za mashindano ya sayansi. Dasia alikuwa amesoma kuhusu nyuzi za kushonea vidonda zilizopakwa kitu kinachopitisha umeme. Kidonda kikianza kuharibika, uzi unapeleka habari kwenye simu janja. Mimi ningeishia kusema maajabu ya wazungu hayaishi. Yeye akauliza: je, asiye na simu hiyo?

Shuleni kwao alikuwa mtu wa kupigania usawa, mambo ya watu weusi kubaguliwa, na alipoingia maabara aliingia na swali lilelile. Wanaopasuliwa wasipone vizuri wako wapi? Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi kwenye kidonda. Kwa wanawake wa Afrika wanaojifungua kwa kupasuliwa, wanaweza kufika 20 katika 100. Mmoja katika watano, Mama. Hesabu watano wa mtaani kwetu waliopasuliwa, uone kama hukumpata mmoja. Sisi wetu tulimpata nyumbani.

Hicho ndicho kilichonishika. Si akili yake, wenye akili ni wengi. Mtoto wa sekondari, amekaa katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, anawaza mwanamke asiyemjua ambaye kidonda chake kitaangaliwa nyumbani, bila daktari na bila mashine. Basi akatafuta kitu ambacho jicho tupu litakiona, na alichokipata ni bitiruti.

Ngozi nzima ina uchachu kidogo, kwenye kipimo cha pH huwa kama 5. Kidonda kikiingiwa na vijidudu uchachu huondoka, kipimo hupanda hadi kama 9, na hapo maji ya bitiruti hugeuka, kutoka wekundu wa kung'aa mpaka zambarau iliyokoza. Ukidhani ni jambo geni, kumbuka kanzu ya Ami siku ya Maulidi, alipojimwagia mchuzi. Ulilipaka doa la manjano sabuni ya kipande, likawa jekundu kama damu, Ami akapiga kelele kwamba umemharibia kanzu mbele za watu. Ukamwambia atulie, ukalisuuza likarudi njano, ukalianika juani likafifia. Sabuni ilikuwa imeuondoa uchachu, na manjano hayawezi kuficha. Kemia hiyo ulikuwa nayo uani, ila hakuna aliyekuja kukuuliza.

Dasia alijaribu nyuzi za aina kama kumi mpaka akapata mchanganyiko wa pamba na poliesta unaoshika rangi vizuri. Mwaka 2021 alikuwa mmoja wa vijana 40 waliofika fainali ya Regeneron Science Talent Search, mashindano makubwa ya sayansi ya wanafunzi hapa Marekani.

Usiniambie niutume uzi huo. Aliokuwa nao ni uzi wa maabara, na kutoka maabara mpaka tumbo la mwanamke kuna majaribio ya miaka. Lazima ijulikane kama uzi wenyewe haubebi vijidudu, na kama rangi itageuka mapema kiasi cha kusaidia. Nakueleza kwa sababu nimekasirika kidogo, sijui kwa nani. Msichana wa mbali aliona kwamba neno "chekundu" halitoshi. Sisi tuliokuwa pale usiku ule tulijilaumu macho.

Kwa hiyo nakuomba haya. Mdogo wangu ahamie Amu, kisiwani Lamu, mapema, mwanzo wa mwezi wa sita, nyumba ya Ami pale Langoni. Nimeshasema na Ami. Daktari ndiye atakayeamua kama atapasuliwa tena, lakini awe karibu naye. Akishonwa, asirudi Siyu mpaka mshono ukaguliwe. Na kila siku kidonda kiangaliwe mchana, karibu na mlango, si kwa tochi. Mtie mgongo wa mkono: pakiwa na joto kuliko pembeni, pakivimba au pakiwa pagumu, pakitoa maji, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au akipata homa, aende siku hiyohiyo. Msingoje rangi wala harufu. Khalati apige picha kila asubuhi ili alinganishe na ya jana, na zibaki kwenu wanawake.

Pesa nimeziweka kwenye M-Pesa ya Ami, sikuweka kwako kwa makusudi. Najua ungeezekea jiko. Makuti yangoje.

Ndani ya bahasha utaona uzi mwekundu. Ni ule wa kushonea kofia ulionitilia kwenye sanduku nilipoondoka. Nilichemsha bitiruti jikoni, nikauloweka usiku kucha, mwenye nyumba wangu akanuna kwa sababu sinki lake lilibaki na madoa. Nilipotia tone la maji ya sabuni, wekundu uliiva ukaelekea zambarau. Bitiruti haidumu, ukiukuta umefifia tafuta nyingine sokoni Amu ufanye upya. Umwonyeshe Bibi, mchana, pale mlangoni. Akisema mato yake hayaoni, mwambie mjukuu wako anasema usogee kwenye mwanga kidogo, utazame tena.

Nipelekee salamu kwa wote, na mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Mwanao