Hili neno "by" linawaangusha watoto wetu

Mhariri, habari za kazi, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, darasa la saba kamaliza kwa Kiswahili sasaivi karibu kila somo ni Kiingereza, juzi karudi na daftari kapigwa kosa kwenye hii sentensi: The house by the river was built by my grandfather. Yeye kaandika "nyumba na mto ilijengwa na babu yangu". Nikafungua ukurasa wa mwanzo wa daftari nikakuta orodha ya maneno wamenakili ubaoni, by = na, imeisha hiyo.

Sasa mtoto kosa lake nini hapo? Kafuata alichopewa. Hilo neno ni dogo lakini limebeba mambo kibao, by the river ni kando ya mto, na hiyo ya ukaribu ndo maana yake ya zamani kabisa, by bus ni kwa basi, one by one ni mmoja mmoja, hapo hamna "na" wala "kwa". Fundi akikwambia mbao ya mbili kwa nne, Mwingereza anasema two by four.

Balaa lenyewe liko kwenye muda. "Mpaka" yetu inafanya kazi mbili, nitakaa hapa mpaka Ijumaa, halafu ada iwe imelipwa mpaka Ijumaa. Mwingereza anatenganisha, ya kwanza ni until, ya pili ni by, ndo maana unakuta watu wazima na vyeti vyao wanaandika pay until Friday, yani mtu alipe leo alipe kesho alipe tena keshokutwa hadi Ijumaa ifike! Mdogo wangu alikosa kazi hivohivo, tangazo lilisema barua zifike by Friday noon, yeye akaelewa zinapokelewa Ijumaa, barua ikalala mezani wiki nzima na bahasha yake ishafungwa, kaipeleka Ijumaa saa nane mchana wakamwambia walifunga saa sita. Iliniuma sana.

Na nyie wa magazeti mtusaidie pia, bei ikipanda by 200 ni imeongezeka shilingi 200 juu ya ile ya zamani, ikipanda to 200 ndo imefika 200, "kwa" na "hadi" msizichanganye mnapotafsiri, msomaji anapiga hesabu ya mfukoni kwake na hizo namba.

Ombi langu, kama mna nafasi ya wanafunzi gazetini wekeni sentensi nzima nzima, sio neno moja na maana moja. Jana usiku nimekaa na binti tumeandika kumi, kila moja na Kiswahili chake pembeni, ile by = na ya ukurasa wa kwanza kaikata mwenyewe kwa peni nyekundu.

Mzazi, Morogoro