Ulimi wa jaji si maabara

Ndugu Mhariri,

Juzi nikisubiri teksi hapa Bombo, Uganda, kijana mmoja wa bodaboda alinisogelea na chupa ya waragi, pombe kali ya kukenekwa, mkononi. Akanisalimu vizuri, kisha akauliza: "Mama, hii ni salama, si ndiyo? Nimeambiwa wewe ulikuwa mmoja wa walioionja." Juu ya lebo palikuwa pamebandikwa karatasi mpya ya rangi ya dhahabu: Imethibitishwa na majaji.

Ni kweli niliionja. Kuithibitisha, hapana.

Mwezi uliopita nilialikwa kukaa na majaji wenzangu wanne kwenye mashindano ya wapikaji wadogo wa waragi. Nadhani waliniita kwa sababu mama yangu alipika miaka mingi, nami nimekulia kando ya pipa lake. Kazi ya mezani tuliifanya kwa uaminifu. Chupa zilifichwa, kila moja ikapewa namba, tukamiminiwa kidogo kidogo kwenye glasi zenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Unanusa kwanza, midomo ikiwa wazi kidogo ili ukali usikuchome pua. Halafu unatia maji, karibu nusu kwa nusu, maana pombe ya asilimia 40 huzifunika harufu zake yenyewe. Unaonja, unatema kwenye ndoo, unasukutua, unaandika.

Namba 9 sitaisahau. Ilikenekwa kutokana na tonto, pombe ya ndizi na mtama, na maji yalipoingia tu ikatoa harufu ya ndizi iliyoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, na nyuma yake, kwa mbali, mtama uliokaangwa. Nilimpa mpikaji huyo nisiyemjua alama za juu kabisa. Namba 14 ilinuka rangi ya kucha. Hapo ujue mpikaji hakuimwaga ile inayotangulia kutoka kwenye mrija. Mama yangu aliikinga kikombe kizima akaimwaga shimoni, hata siku ambazo nyumbani hakukuwa na pesa ya sukari.

Hayo yote ulimi unayajua. Methanoli, ile aina ya pombe iliyo sumu, haujui. Ikiwa ndani ya waragi, hakuna pua wala ulimi wa kuitenga na pombe yenyewe. Wapo wanaowasha kijiko cha waragi na kutafuta moto wa bluu, lakini methanoli nayo huwaka bluu. Wapo wanaosema ukishamwaga ile ya kwanza umemaliza. Kumwaga ni kuzuri, ila methanoli haitoki yote pale mwanzoni, na mchuuzi akija kutia methanoli ya viwandani ndani ya jerikeni baada ya kupika, uangalifu wote wa mpikaji umepotea. Halafu sumu hii huchelewa. Mwili huigeuza taratibu kuwa asidi inayoua mishipa ya macho. Mtu analala mzima, kesho yake anaona ukungu. Kabale mwaka 2010 walikufa watu zaidi ya 80. Siamini kwamba watu wale walikuwa hawajui ladha ya waragi.

Siku ya mashindano niliuliza karatasi za maabara ziko wapi. Mwandaaji mmoja akanijibu kwamba muda haukutosha, na kwamba majaji wenyewe ni wazoefu. Nilipaswa kuinuka pale pale. Sikuinuka, nikiwaonea huruma wapikaji waliosafiri usiku kucha na chupa zao mapajani. Nilikosea, na kosa hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Naomba mashindano yajayo sampuli zipelekwe kwanza maabara. Ya Shirika la Viwango iko Bweyogerere, ya serikali iko Wandegeya, si mbali. Chupa isiyo na majibu isifike mezani. Gharama alipe mdhamini, asibebeshwe mama wa kijijini, la sivyo watabaki wenye viwanda peke yao na namba 9 hatutaiona tena. Na ile karatasi ya dhahabu iandikwe kilichofanyika: tulipima harufu na ladha.

Yule kijana nilimjibu kwamba sijui. Aliitazama chupa kwa muda, akaitia ndani ya jaketi, akawasha pikipiki akaenda. Namba yake ya simu sina.

Binti wa mpikaji,
Bombo