Matembezi ya kucheki majengo ya Dar Jumamosi hii
Wadau mambo vipi, Jumamosi tunakutana saa moja na nusu asubuhi pale Old Boma, Sokoine Drive, jengo la Sultani Majid wa Zanzibar la miaka ya 1860, ukiwahi we shikashika kuta za matumbawe na ucheki milango. Makanisa ya Azania Front na St. Joseph tunapita fasta maana jua la Posta mnalijua, afu tunadaka basi la mwendokasi hadi Kariakoo kuona soko la 1975 alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, yale mapaa kama miavuli iliyopinduliwa yalichorwa yakinge maji ya mvua, kwangu mimi ndo kazi kali kuliko zote mjini, wabishi tutabishana hukohuko. Vaeni raba, nauli kila mtu na yake. Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa jioni