Yah: Kompyuta Yangu Mliyoipiga Windows 11 na Hesabu za Watu Mlizozifuta

Tabata Segerea,
Dar es Salaam.
20 Oktoba 2025

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu hazikuwa na adabu, na mimi nimefundisha watoto wa watu adabu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Hii ya tatu nitajitahidi.

Utaratibu wenu mnaujua kuliko mimi. Mmeutundika ukutani juu ya kaunta, ndani ya fremu: mteja ataulizwa kuhusu mafaili yake kabla ya kazi kuanza, ataambiwa bei mapema, atapewa risiti. Sina haja ya kuwasomea. Nitawaeleza nilichofanyiwa chini ya fremu hiyo.

Jumatatu tarehe 6 Oktoba nilifika dukani kwenu Kariakoo kwa bajaji, CPU nimeipakata kama mtoto, nimeizungushia kitenge isiingie vumbi. Kilichonileta ni ujumbe wenu wa simu uliosema Windows 10 inafungwa tarehe 14 na kwamba niilete mashine kabla haijazima. Tarehe 14 Oktoba ni siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, nami nikajiona nasherehekea sikukuu huku natazama boksi lisilowaka. Nilimuuliza fundi wenu kama kweli itazima. Akanijibu, "Inakufa kabisa hiyo, mama."

Ulikuwa uongo, na nina hakika yeye mwenyewe alijua ni uongo. Kompyuta yenye Windows 10 inawaka leo kama ilivyowaka jana. Kilichokoma tarehe 14 ni masasisho ya usalama ya kila mwezi, na hata hayo Microsoft imewaongezea watu wa majumbani mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kutoa hata senti kwa anayekubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake huko. Haya ningeambiwa kwenye kaunta yenu, ningerudi nyumbani na kitenge changu, nikajipanga taratibu.

Lakini sawa. Windows 11 niliitaka, sikuburutwa. Nilimwambia kijana wenu neno moja tu, nikalirudia kama ninavyorudia imla: sehemu ya D ya diski, ninakoweka mafaili yangu, usiiguse. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino mwekundu "D - usifute", akakibandika juu ya CPU kwa solotepu. Nikaridhika, nikaenda zangu.

Karatasi hiyo ninayo. Ilirudi nyumbani Alhamisi ikiwa bado imebandikwa palepale, juu ya mashine isiyo na D.

Ndani ya D mlikuwamo hesabu za kikoba chetu. Mimi ni katibu. Wanachama 26, miaka minne: hisa za kila Jumapili, mfuko wa jamii, nani kakopa, karejesha ngapi, nani kamdhamini nani. Mtasema ningekuwa na nakala. Ninayo, kwenye flashi, inaishia Machi. Hilo ni kosa langu na nimeshalikiri mbele ya wanachama, kwa hiyo msihangaike kunikumbusha. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba ndiyo miezi tuliyokopeshana zaidi, maana ndiyo miezi ya kulimbikiza kabla ya kuvunja kikoba Desemba.

Jumamosi tarehe 11 nilirudi dukani kwenu. Nilisubiri zamu yangu, nikauliza kwa upole D yangu iko wapi. Fundi hakuinua uso. Akasema, "Bi mkubwa, hapa tunapiga Windows, hatutunzi mafaili." Nilipomwonyesha karatasi yake mwenyewe, akawageukia watu waliokaa kwenye benchi, akasema kwa sauti, "Si angebaki tu na kaunta buku lake? Mambo ya kompyuta awaachie wajukuu." Benchi zima likacheka. Nikabeba CPU yangu nikatoka.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha kikoba.

Nilikuwa nimepanga kuwaeleza mwenyewe, kwa utaratibu, baada ya ajenda ya marejesho. Sikupata nafasi hiyo. Nilipoingia niliwakuta wameshanyamaza ule unyamazaji mnaoujua, wa watu waliokuwa wakikuongelea. Habari ilinitangulia: katibu kapoteza vitabu. Na ninyi mnajua, pesa za watu zikishatajwa pamoja na neno "kupotea", hakuna anayeuliza habari za D wala C. Mama mmoja, ambaye nilimdhamini mwenyewe alipokopa mtaji wa genge, aliuliza mbele ya wote kama ni kompyuta iliyofuta au ni mtu.

Tangu siku hiyo kila usiku nakaa mezani na vitabu vyao vidogo, vile vya mihuri ya hisa, najumlisha upya. Kimoja kimelowa mafuta ya kupikia hadi kurasa zinaonyesha upande wa pili. Kingine panya amekula Juni na Julai. Mikopo haimo humo, mnaelewa? Vitabu vile vina hisa tu. Mikopo ilikuwa kwenye D.

Jumapili hiyohiyo jioni alikuja mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi za mitandao. Alikaa na mashine kama nusu saa, na kila baada ya dakika chache nikamsikia anaguna. Nitawaandikia alichokiguna, maana nataka mjue kwamba ninajua.

La kwanza ni chipu. Fundi wenu alinitoza shilingi 85,000: 25,000 ya ufundi na 60,000 ya leseni ya Windows 11 Pro, kwa maelezo kwamba kompyuta yangu haina chipu ya usalama, kwamba toleo la Home, la majumbani, litakataa na Pro ndiyo inayokubali. Kompyuta yangu ni Core i5 ya kizazi cha nane. TPM 2.0 anayoisema imo humohumo ndani ya prosesa, ilikuwa imezimwa tu kwenye bayosi, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kijana wangu aliingia bayosi, akaiwasha, akatoka. Chai niliyokuwa nimemmiminia ilikuwa bado inatoa moshi. Na masharti ya mashine kwa Home na kwa Pro ni yaleyale, chipu ileile. Pro haina huruma zaidi kwa kompyuta za wastaafu.

La pili ni leseni yenyewe. Windows 10 Home niliyokuja nayo ilikuwa halali, na mwenye Windows 10 halali kwenye mashine inayokidhi masharti anapandishwa kwenda Windows 11 Home bure, mafaili na programu zake zikibaki mahali pake. Hiyo 60,000 ilinunua nini basi? Kijana wangu aliandika amri fupi, kikatokea kisanduku kinachosema uhalali wa Windows yangu unaisha Aprili 2026. Siku 180. Leseni ya aina hiyo ni ya maofisi makubwa yenye seva yao, ambako kompyuta zinaripoti na kuhuishwa upya. Sebuleni kwangu hakuna seva, kuna kabati la vyombo. Mliniwekea kraki, yaani programu ya kughushi leseni, Ndugu Mkurugenzi, na ili kraki isikamatwe, ulinzi dhidi ya virusi ukazimwa. Mtu aliyenitisha kwamba nitakosa usalama tarehe 14 ndiye aliyeninyang'anya usalama tarehe 8.

La tatu ndilo linaloniuma. Hata kama fundi wenu alitaka kupiga Windows upya badala ya kuipandisha, hakuwa na sababu ya kugusa D. Windows inakaa C. Hata C yenyewe, angeipiga bila kufomati, yaani bila kuifuta yote kwanza, vitu vya zamani vingewekwa kando kwenye folda inayoitwa Windows.old. Yeye alifuta sehemu zote mbili, akaunganisha diski nzima kuwa kitu kimoja. Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Unachagua, unafuta, unaulizwa kama una hakika, unakubali. Na karatasi yake nyekundu ikiwa juu ya mashine, sentimita chache kutoka mkono wake.

Naomba nirudi kwenye Jumamosi ile, maana hapo juu niliipita haraka kwa ajili ya adabu.

Ilikuwa kama saa sita mchana. Fundi wenu alikuwa anakula chipsi mayai kwenye mfuko wa nailoni, juu ya kaunta, tuthipiki mkononi. CPU niliiweka mbele yake na kuifungua kitenge. Aliisogeza kwa mkono uleule wa mafuta, na alama za vidole bado zipo, sijazifuta. Nilisema, "Mwanangu, samahani, D yangu siioni." Nilimwita mwanangu. Akasema lile la kutotunza mafaili. Nikamwonyesha karatasi, akaitazama, akaendelea kutafuna. Ndipo akageuka kwenye benchi. Walikuwa kama watu saba, kati yao mwanafunzi wa sekondari mwenye sare, ambaye peke yake hakucheka. Alitazama viatu vyake. "Si angebaki tu na kaunta buku lake?" Alisema "angebaki". Hakuniambia mimi. Aliwaambia wao juu yangu, kama vile sipo.

Na mwisho wa benchi alikaa mwanachama wetu mmoja, aliyeleta simu ya mtoto wake kutengenezwa. Sikumwona. Yeye aliniona.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika kwenye zile barua mbili nilizochana. Msimamizi wa duka alikuwa amesimama kwenye mlango wa kioo wa ofisi, kikombe mkononi. Alisikia yote. Macho yetu yalikutana. Alitabasamu, akaingia ndani, akaufunga mlango taratibu usipige kelele. Kijana ni kijana, hata darasani nimekutana nao wa aina yake na wengi wamenyooka. Lakini yule mwenye kikombe ndiye ninyi. Yule ndiye kampuni.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai 85,000 yangu tu. Bado naidai. Ilikwenda kwa simu kwenye namba binafsi ya fundi, si kwenye lipa namba ya duka, na nilipoomba risiti niliambiwa mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, haina mtandao. Serikali imetuimbia miaka yote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mimi sikudai kwa nguvu, na Mamlaka ya Mapato, TRA, wakinihoji nitalijibu langu. Ninyi mtalijibu lenu. Ujumbe wa muamala ninao, jina la aliyepokea linasomeka.

Sasa nadai pia kraki iondolewe na nirudishiwe Windows Home iliyo halali, ile niliyokuwa na haki nayo bure. Lakini hilo lisifanyike kwanza. Kwanza diski itolewe ikapelekwe kwa mtaalamu wa kurejesha mafaili, nitakayemchagua mimi na mtakayemlipa ninyi. Ni diski ya kizamani, ile inayozunguka, na nimeambiwa kilichofutwa humo huweza kupatikana iwapo hakijaandikiwa juu. Ndiyo sababu mashine haijawashwa tangu Jumapili ile. Fundi wenu asiisogelee.

Na nadai msimamizi wa duka aje kwenye kikao chetu, Jumapili tarehe 26 Oktoba, saa kumi jioni, awaeleze wanachama 26 kwa kinywa chake kwamba hesabu zilifutwa dukani kwake, na mtu wake, baada ya katibu kukataza kwa maneno na kwa maandishi. Asitume simu. Asitume kijana. Kikombe anaweza kuja nacho, chai tutampa. Nilifikiria kumsamehe hili, kisha nikakumbuka alivyoufunga ule mlango.

Nawapa hadi Ijumaa tarehe 24, saa tisa alasiri, mnijibu kwa maandishi. Baada ya hapo sitaomba tena. Jumatatu tarehe 27 nitakuwa Tume ya Ushindani na malalamiko ya kuuziwa leseni bandia kwa maneno ya uongo, kutoka hapo nitakwenda TRA, na wanachama wakiamua fedha zao zidaiwe, tutakutana Mahakama ya Mwanzo, na mwanafunzi yule mwenye sare nitamtafuta shule kwa shule awe shahidi. Shule za jiji hili nazifahamu, Ndugu Mkurugenzi. Ninao muda. Nimestaafu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu na katibu wa kikoba,
mwenye CPU iliyofungwa kwenye kitenge.

Nakala: Mwenyekiti wa kikoba, Mweka hazina.
Ya Tume imeshachapwa kwa jirani, imo ndani ya bahasha, haijabandikwa stempu.