Barua kwa binti yangu anayehamia Jambiani na rangi zake

Waalaikum salaam mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza, nikamwita mama yako naye akasikiliza, afu tukakaa kimya. Hilo la kuondoka Dar uende Jambiani huko Zanzibar ukachore mwenyewe bila kundi hatuna ugomvi nalo, hata mjomba wako aliyekupeleka pale Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga kasema mkono wako umeshakomaa. Mi nilichosikia ni kile ulichopitisha harakaharaka, kwamba chumba ni kimoja, utachora humo na kulala humohumo, na dirisha utafunga sababu upepo wa kusi unaleta mchanga unanata kwenye rangi. Mama, hapo hapana.

Najua rangi ya mafuta haikauki upesi. Nilipokuja niliona mnavyofanya, unapiga rangi ya chini kwanza, ile njano inayoingia taratibu kwenye nyekundu, inaachwa mpaka ishike, ndo mwili wa ndege unakuja juu, inaachwa tena, afu vidoti na kile kibrashi chenye nywele za kuhesabu. Kwa hiyo kila kitambaa kinakaa ndani siku kadhaa kinatoa harufu, na we hujawahi kuwa na kimoja. Hapo bado thina kwenye kikopo hakina mfuniko, na jiko la gesi pembeni. Usiniambie umeshaizoea harufu, na mimi nilisema hivyohivyo kwenye salfa, ile dawa ya mikorosho. Wenzangu wanapulizia mikorosho wamevaa barakoa, mi nikajifunga mtandio wa mama yako, na kifua changu usiku unakijua. Basi tuyaache hayo.

Muombe mwenye nyumba kibaraza, zungushia turubai, chorea hapo. Akikataa weka wavu wa mbu dirishani hata mara mbili. Mchanga kidogo kwenye mgongo wa twiga mtalii wala haoni.

Halafu hili la kusema tembo na twiga umechoka nao. Sikubishii. Mzee Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha uchoraji huu wenu, katoka Namochelia hapahapa wilayani kwetu Tunduru, kaanza kuchora 1968 kwenye hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, akaja na mtindo wake mwenyewe, 1972 polisi wakamdhania mwizi wakampiga risasi. Miaka kama minne tu ile, na mpaka leo watu wanakula kwa jina lake. Kwa hiyo na wewe kuwa na yako ni haki. Ile ya wanawake kwenye foleni ya ndoo, yule mmoja kakalia dumu anajipepea na kitenge, nimeiweka profaili, mtu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, kaniuliza nimeitoa wapi nikamwambia kwa sauti ya wote kusikia. Ila mwanangu, kodi ya nyumba hailipwi na foleni ya ndoo. Mtalii anataka tembo anayetolewa kwenye fremu, akakunjwa, akaingia kwenye begi. Chora tembo wa kodi, ukishalipa chora unachotaka na usiniulize. Na pesa ya Julai na Agosti usiile yote, masika ikifika hoteli nyingine zinafunga kabisa, utabaki na picha zako na kaa wa pwani.

Mali kauli pia punguza. Hujajifunza tu, yule mwenye duka alikaa na kazi zako mpaka jua likazipausha ndo anakurudishia, na we unamwita bosi. Ukiacha kazi zako kwa mtu zipige picha zote kwanza, muandikishiane bei, asaini. Anayeona aibu kusaini anajua anachopanga.

Huku tuko salama. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Mdogo wako anasema na yeye hataki tena fizikia anataka kuchora, sasa hilo ni lako, ongea naye we mwenyewe maana ukisema wewe anasikia. Vile vipande vya hadibodi ulivyoacha nyuma ya mlango banda la kuku lilikuwa linavuja, usiulize sana. Ile yenye samaki ipo, mama yako aliikatalia.

Mama yako anakupakia korosho za kubangua mwenyewe, na mtandio, eti kule upepo. Mi nimemwambia upepo ndo tunaoutaka uingie. Ukifika tu nitumie video ya hicho chumba, usinitumie bahari, bahari naijua. Nataka kuona dirisha liko wapi, linafunguka au ni urembo, na kitanda kiko umbali gani na hizo rangi. Na usiku zikiwa mbichi zitoe nje zote, hata kama umechoka.

Ukipata cha kutuma tuma kwenye namba ya mama yako. Yangu ina deni la mkopo wa simu, pesa ikiingia wanakata yote.

Baba yako.